Mwendo ni hesabu, si papara

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akashangaa kuona leo twaandika habari za pikipiki na za Singida, mkoa wa katikati ya nchi usiojua harufu ya bahari. Lakini sisi tulizaliwa Unguja, tukasoma chuoni na kisha katika skuli za Serikali, na mwaka 2003 kazi ya Chama ikatupeleka huko. Tulikaa miaka kadhaa, tukapata marafiki, na mmoja wao tukamzika. Yale tuliyojifunza kwao si mali yetu peke yetu, na kwa hiyo twaona ni wajibu kuyaeleza.

Nyumbani tulizoea Vespa, chombo cha kupita taratibu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mume mbele na mke nyuma, kikapu cha samaki katikati ya miguu. Singida lilikuwa jambo jingine kabisa. Ni nchi ya miamba mikubwa iliyolaliana kama mizigo bandarini, ya upepo usiopumzika, na ya maziwa ya maji chumvi ya Singidani na Kindai. Wakati ule barabara nyingi za mkoa zilikuwa za udongo. Kiangazi ni vumbi. Mvua ikinyesha, mbuga nyeusi za bonde la Wembere hugeuka gundi, na gurudumu likizama humo halitoki ila kwa jasho.

Tulikuwa wanne tuliosafiri pamoja kwa pikipiki za kazi: bwana shamba mmoja, mwalimu, mganga msaidizi wa zahanati, na sisi. Kila Jumapili tulikutana uani kwa fundi mmoja mzee, pembeni mwa mji, kusafisha plagi, kukaza mnyororo na kunywa uji. Mzee yule alikuwa na ugonjwa mmoja usioponyeka, nao ni mapenzi ya mashindano ya magari ya Safari. Ujanani alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka milima ya Mbulu, kwa majirani, ili ayaone yakipita, na tangu siku ile hakuacha kuyasimulia.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, enzi za ukoloni, kwa sababu ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1960 yakapewa jina la Safari ya Afrika ya Mashariki. Hayakuwa mbio za kuzunguka uwanja. Ilikuwa ni safari ya maelfu ya kilomita, usiku na mchana, wakati wa Pasaka ambapo mvua imekolea, katika barabara zile zile zilizopitwa na mabasi na ng'ombe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba tu. Mwaka 1968 yakafika saba tena. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, akiendesha Peugeot 404, gari ambalo watu wengi walilijua kuwa ni gari la familia na la teksi.

Hapo ndipo fundi wetu aliposhikilia. Alikuwa akituuliza: kama ushindi ni mwendo mkali tu, mbona gari la teksi lilishinda? Akatukumbusha kwamba Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 hiyo hiyo. Akatukumbusha kwamba Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Kisha hutoa hukumu yake: watu hawa waliupenda mwendo kuliko sisi sote, na ndiyo maana waliuogopa. Walijua njia kabla ya kuipita, walikagua kila nati, na walijua mahali pa kupunguza. Waliokwama matopeni hawakukosa mashine zenye nguvu. Wengi walikosa subira.

Tulimwelewa mzee yule vizuri zaidi katika mteremko wa Sekenke, ambako barabara ya kwenda Igunga huteremka ghafla kuelekea bonde la Wembere. Sharti letu lilikuwa moja. Tukifika juu tunasimama, tunazima mashine, tunajaribu breki, tunafunga kofia ngumu, ndipo tunashuka kwa gia ndogo, mmoja baada ya mwingine. Bwana shamba, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote katika sharti hilo. Mara nyingi tulimcheka kwa jinsi alivyochelewa kushuka, naye alijibu kwamba mkewe hakumtuma kwenda kufika mapema, amemtuma kurudi.

Miaka ikapita, Serikali ikatia lami barabara kuu, na kwa hakika tulishukuru, maana njia ya siku nzima ikawa ya saa chache. Asubuhi moja ya mwaka 2009 bwana shamba yule alitoka nyumbani kwenda sokoni kununua mafuta ya taa. Njia ilikuwa tambarare, kavu, isiyofika kilomita mbili. Gari lilimgonga ubavuni. Tulipofika tuliikuta kofia yake ngumu imetundikwa usukanini, haina hata mkwaruzo. Mtu aliyeshuka Sekenke mara zisizohesabika aliuawa na safari fupi ambayo hakuiona kuwa ni safari. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Msiba kama huo si mgeni duniani. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana sana katika vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki karibu na nyumbani kwake bila kofia, akafa baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Daktari huyo hakuishia kusikitika. Alichunguza ajali za waendesha pikipiki wa jeshi, akatangaza matokeo yake mwaka 1941, na jeshi la Uingereza likawalazimisha watu wake kuvaa kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi zilizofuata umeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42. Msiba mmoja uligeuzwa kuwa kanuni. Swali letu kwa viongozi ni hili: misiba yetu sisi tumeigeuza kuwa nini?

Leo bodaboda zimeenea Singida, zimeenea Dar es Salaam, na huko Visiwani nako zimefika. Ni riziki ya maelfu ya vijana, na hatuungi mkono hata kidogo wale wanaozitazama kama balaa la kufukuzwa mjini. Sheria ya kofia ipo. Lakini kofia nyingi hukaa usukanini kumngoja askari, na abiria hana yake. Wala tusiwatupie vijana lawama yote. Katika misafara ya siasa, wanasiasa wa kila chama, nasi tukiwamo, tumewajazia vijana mafuta, tumewapa bendera, tukawatanguliza mbele ya magari yetu, wanne juu ya pikipiki moja, vichwa wazi, huku tukipiga makofi. Tuliokaa uani kwa fundi yule tulijua vema tulichokuwa tukikifanya, na tulinyamaza. Hatuna budi kukiri kosa hilo kabla ya kumkaripia mtu mwingine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, msafara wowote wa kiongozi usiruhusiwe kuondoka ikiwa mwendesha pikipiki hata mmoja hana kofia kichwani. Pili, halmashauri zisaidie vyama vya bodaboda kupata mafunzo na leseni kabla ya kutoza faini. Tatu, mafundi wazee wapewe nafasi ya kuwafundisha vijana vijiweni, maana kijana humsikia haraka zaidi mtu mwenye grisi mikononi kuliko mwenye kipaza sauti.

Mashindano ya Safari yalikoma kuvuka mipaka katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ikavunjika. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya magari ya kale, ambayo yamepita tena Kenya na Tanzania, na vyombo vya zamani vikaonekana vikitimua vumbi kama kwamba wakati haukupita. Fundi wetu alifurahi sana alipopata habari hiyo. Alituambia kwamba gari la kale halikufika leo kwa bahati. Limefika kwa sababu kila mwenye nalo alitaka lirudi nyumbani.