Paka wa Scott na Mlango wa Hifadhidata

Bruce Scott, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa kampuni iliyokuja kuitwa Oracle, alipofungua akaunti ya mfano kwenye hifadhidata aliipa jina lake, na nywila akaweka jina la paka wa nyumbani kwao, Tiger. Kwa miaka mingi scott na tiger walisafiri pamoja na programu hiyo, wadukuzi wakawazoea kama majirani.

Kwa SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, mambo yalikuwa mabaya zaidi: akaunti ya msimamizi mkuu, sa, iliweza kuachwa bila nywila yoyote. Mei 2002 kirusi kilichoitwa Spida kikazunguka mtandaoni kikibisha hodi kwenye seva zake. Palipokuwa wazi, kikaingia. Hakikuhitaji ujanja wowote mwingine.

Ndiyo maana hifadhidata nyingi za leo zina njia ya kulazimisha nywila imara. MySQL, tangu toleo la 5.6, ina kikaguzi kiitwacho validate_password. Ukikiwasha, kwa kawaida hudai nywila ya herufi 8 au zaidi, yenye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Masharti makali, utadhani. Sasa jaribu Dodoma@2024. Inapita! Na mdukuzi akishajua seva ni ya Mtanzania, hataanzia mbali na hapo.

Kiwango cha juu cha kikaguzi hicho huongeza kamusi: faili la maneno yaliyopigwa marufuku, moja kila mstari. Nywila iliyobeba mojawapo hukataliwa. Ila faili hilo hulijaza msimamizi mwenyewe, naye akibandika orodha ya Kiingereza tu, nakupenda, mwanangu na majina ya mikoa yetu yote yatapenya.

Urefu nao una nguvu yake. Herufi ndogo 8 za kubahatisha zina michanganyiko takriban bilioni 209. Zikiwa 16, idadi hiyo inazidishwa kwa idadi hiyo hiyo. Nani atazikariri? Hakuna haja. Akaunti nyingi za hifadhidata hazitumiwi na watu bali na programu: tovuti ya duka, mfumo wa malipo, ripoti ya usiku. Programu haisahau, wala haifichi kikaratasi chini ya kibodi. Kuipa nywila ya herufi 6 ni uvivu wetu sisi tulioisakinisha.