Bangi: mbegu za mama mmoja, nguvu mbalimbali

Ndugu mtumishi, labda umesikia mwenzako akisema: «Mimi najua bangi yangu. Inatoka shamba moja, mbegu ni zilezile, hainishindi.» Usimwamini. Sikiliza sababu.

Angalia kwanza watoto wa nyumba yako. Baba mmoja, mama mmoja, lakini huyu ni mrefu, yule ni mfupi. Kila mtoto anapata nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama, lakini hawapati sehemu zilezile.

Mimea iko vilevile. Padri Gregor Mendel wa mji wa Brno alionyesha jambo hilo kwa njegere, akalichapisha mwaka 1866. Ukichanganya aina mbili safi, watoto wa kwanza wanafanana wote. Ukipanda mbegu za watoto hao, wajukuu wanatofautiana, na tabia za mababu zinarudi. Bibi anayelima mahindi ya mbegu zilizochanganywa analijua hilo: mwaka wa kwanza shamba linalingana; akipanda tena mbegu za mavuno yake, halilingani.

Bangi je? Kuna mimea dume na mimea jike, na upepo unapeleka unga wa maua ya dume mbali. Mwenye shamba anajua mama wa mbegu, lakini baba mara nyingi hamjui. Kitu kinacholevya katika bangi kinaitwa THC. Kiko kingine, CBD, kisicholevya. Wataalamu walichanganya mmea wa THC na mmea wa CBD. Watoto wote walikuwa na vyote viwili. Lakini kwa wajukuu, katika kila mimea 4, karibu 1 ulikuwa na THC, 2 ilikuwa na vyote viwili, na 1 ulikuwa na CBD. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2003.

Basi, mimea miwili ya shamba moja inaweza kupishana sana kwa nguvu, wala macho hayawezi kuonyesha ni upi mkali. Anayevuta hajui kipimo. Juzi alivuta akaona si kitu. Leo kiasi kilekile kinamwangusha.

Na bangi inachelewesha mikono, inapoteza kipimo cha umbali na cha saa. Hali hiyo inadumu saa nyingi. Wewe unayeendesha kamiyo, wewe unayetumika karibu na mkanda wa mawe, fikiri mwenzako aliye mbele yako.

Kwa hiyo:
– Usivute bangi. Sheria ya inchi yetu inaikataza.
– Ukimwona mwenzako amelewa, usimwache ashike machini. Mwambie kapita mara moja.
– Kama umezoea na kuacha kunakushinda, nenda kwa munganga, umweleze bila kuficha.

Nawe mama wa nyumba, mshauri bwana wako kwa upole. Watoto wanamngoja jioni arudi mzima.