PostgreSQL: Programu ikikuta majina mawili, isimame au ichague yenyewe?

Tuseme kazi ni kuhesabu wagonjwa wa malaria wa mwezi mmoja katika zone ya afya ya Lubunga, hapa Kisangani. Programu inaandikwa, inaendeshwa, namba inatoka bila onyo lolote. Lakini namba hiyo si ya Lubunga. Ni ya zone zote 23 za jimbo la Tshopo.

Kosa la namna hiyo liliwezekana kwa miaka mingi katika PL/pgSQL, lugha ya kuandikia programu ndani ya hifadhi ya data ya PostgreSQL. Si jambo la mbali kwa wakaaji wa Barumbu au Mangobo: DHIS2, mfumo ambamo wizara ya afya ya RDC inakusanya takwimu za vituo vyake, unaweka data katika PostgreSQL.

Kosa linaingia hivi. Jedwali lina safu inayoitwa «zone». Mwandishi wa programu naye anatunga jina lake la kushika neno «Lubunga», na analiita «zone» vilevile. Kisha anaamuru: hesabu wagonjwa ambao zone = zone. Zamani PL/pgSQL ilichukua jina la mwandishi pande zote mbili. Lubunga ni sawa na Lubunga; hilo ni kweli kwa kila mstari, basi kila mgonjwa wa jimbo anahesabiwa. Na kama amri ilikuwa kufuta, jedwali zima limekwenda.

Lugha hiyo iliandikwa na Jan Wieck, ikatoka na PostgreSQL 6.4 mwaka 1998. Mwaka 2009 Tom Lane, mmoja wa watengenezaji wakuu, alileta swali mezani: kuacha mambo yalivyo, kufuata Oracle ambako safu ndiyo inashinda, au kusimamisha programu? Hofu ilikuwa ya haki. Programu zilizofanya kazi kwa miaka zingeweza kukwama siku ya kubadilisha toleo.

Toleo la 9.0, Septemba 2010, lilichagua kusimama. Mwenye programu za zamani anaweza kurudisha desturi ya zamani kwa mstari mmoja tu.

Mwaka 2014 Joel Jacobson wa Sweden alitaka zaidi: PL/pgSQL ya pili, yenye ukali. Mfano wake mmoja ni huu: programu inayongoja mstari mmoja ikipata mitano, inachukua wa kwanza na kunyamaza. Pavel Stehule, aliyeifanyia lugha hiyo kazi nyingi, alikataa kuigawa mara mbili. Lugha mpya haikuzaliwa.

Toleo la 12, mwaka 2019, liliongeza onyo kwa kosa hilo la mistari mingi, ila limezimwa tangu mwanzo. Hapo, kwa maoni yetu, woga ulizidi. Anayehesabu wagonjwa inabidi aliwashe mwenyewe, ama aandike neno STRICT kila mahali anapotaka jibu moja tu.