Kiangazi cha Greenland na Kisima cha Pwani

Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinikaribisha barazani kwake, akanimiminia kahawa, kisha akauliza: "Shekhe, wasemao kuwa barafu ya Greenland yayeyuka, wasema pia bahari itatupandia sisi. Barafu iko huko, kisima changu kiko hapa. Yahusiana vipi?" Swali hilo lastahiki jibu kamili, nami naliandika hapa ili familia zote zinufaike.

Greenland ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani. Takriban asilimia 80 ya ardhi yake imefunikwa na barafu, na mahali pengine unene wake wapita kilometa 3. Barafu hiyo haikutulia. Kwa uzito wake yenyewe huteremka polepole kuelekea pwani, mithili ya uji mzito. Na mkondo wake huitwa barafuto.

Kiangazi kinapoingia, jua huyeyusha uso wa barafu, na maji hukusanyika yakawa maziwa. Mwezi wa Julai 2006, ziwa moja lenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 5 lilipasuka chini, likamwagika kwa muda wa takriban saa moja na nusu. Maji yalipenya karibu kilometa nzima ya barafu hadi kwenye mwamba, na barafu ya hapo ikainuliwa kwa zaidi ya mita 1.

Maji yanayobanwa baina ya barafu na mwamba hupunguza msuguano, na barafu huteleza. Mwaka 2002, mwanasayansi Jay Zwally na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa barafu ya Greenland magharibi huenda kasi zaidi wakati wa kiangazi. Wengi wakahofu kwamba joto likizidi, barafu yote itaserereka baharini.

Tafiti zilizofuata zikaipima hofu hiyo upya. Tazama mitaa yetu wakati wa masika: mvua ya kwanza hufurika njiani kwa kuwa mitaro imeziba, maji yakishazibua mitaro, njia hukauka. Vivyo hivyo chini ya barafu. Maji mengi hujichongea mifereji, shinikizo hushuka, na barafu hupunguza mwendo. Kwa hiyo kiangazi kikali hakilazimu barafu kwenda kasi zaidi mwaka mzima.

Lakini tusijilaze. Maji yaliyoyeyuka yenyewe huishia baharini. Na barafuto zinazofika baharini huliwa na maji yenye joto, zikamegeka. Tangu 2002, Greenland imekuwa ikipoteza kwa wastani takriban tani bilioni 270 za barafu kila mwaka. Ukijumlisha barafu ya kwingineko, na maji ya bahari yanayotanuka kwa joto, wastani wa bahari duniani umepanda takriban sentimita 10 tangu 1993.

Na hapa ndipo sisi tunapoingia. Barafu ya Greenland ni nzito hata huyavuta maji ya bahari upande wake. Ikipungua, mvuto nao hupungua, na maji huondoka kwenda mbali. Bahari iliyo karibu na Greenland hushuka, na bahari za ukanda wa joto, yetu ikiwamo, hupata zaidi kidogo ya wastani kutokana na barafu hiyo.

Sentimita 10 ni karibu nusu shibiri. Ni kidogo machoni, lakini bamvua hupanda juu yake, na maji ya chumvi hupenya chini kwa chini kuelekea visima. Basi tusiikate mikoko inayoukinga ufuo, na tusijenge wala kuchimba kisima penye ukingo wa maji kwa kutegemea kipimo cha babu zetu.

Mzee alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Kisha akakitazama kisima chake, akasema: "Mjukuu wangu akijenga, nitamwambia asogee juu."