Chanda Chema na Kivikwe Pete

Ndugu msomaji, mithali yetu yasema: chanda chema huvikwa pete. Maana yake waijua: atendaye vema apewe heshima yake. Lakini mithali haisemi ni nani atakayevitazama vyanda vyote ili akione kilicho chema. Hapo ndipo penye kazi. Leo twende pamoja mpaka Marekani, katika vyuo vinavyofundisha mainjinia, yaani watu wa kujenga madaraja, reli na mitambo. Tuone jinsi walivyojifunza, polepole na kwa shida, kuvitazama vyanda vyote.

MWALIMU WA BETHLEHEM

Katika jimbo la Pennsylvania uko mji uitwao Bethlehem. Wakristo wa Kimoravia ndio walioujenga, na usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1741 wakaupa jina la mahali alipozaliwa Bwana wetu. Hapo pana chuo kikuu cha Lehigh, kilichoanzishwa mwaka 1865 na Asa Packer, mtu aliyejifunza useremala katika ujana wake, kisha akatajirika kwa reli.

Wakati ule wanafunzi waliosoma lugha za kale na falsafa walikuwa na chama chao cha heshima, Phi Beta Kappa, kilichoanza mwaka 1776. Aliyesoma madini au mitambo hakufikiriwa, hata akiwa wa kwanza darasani. Ilikuwa kana kwamba kazi yenye vumbi na mafuta haihitaji akili.

Profesa Edward Williams, aliyefundisha mambo ya madini pale Lehigh, hakuridhika na jambo hilo. Mwaka 1885 akaanzisha chama cha heshima kwa wanafunzi wa uinjinia, akakiita Tau Beta Pi. Taratibu zake alizitunga mwenyewe, na beji akaichora mwenyewe. Mwanafunzi wa kwanza kuingizwa alikuwa Irving Heikes, aliyeongoza darasa lake. Mwaka 1892 tawi la pili likafunguliwa katika chuo cha kilimo cha Michigan, na leo matawi yamepita 250.

Beji yenyewe ina umbo la miguu ya daraja la reli. Abiria apitaye juu haioni miguu hiyo, lakini ndiyo ibebayo uzito wote. Katika matawi mengine mwanafunzi anayeingia hupewa kipande cha shaba chenye umbo hilo, kikiwa bado kinakwaruza, naye hukisugua kwa mkono wake mwenyewe mpaka king'ae.

AKILI HAITOSHI

Je, huchaguliwaje? Kwanza hutazamwa masomo. Katika mwaka wa kabla ya mwisho hutazamwa mmoja katika kila wanafunzi wanane. Katika mwaka wa mwisho, mmoja katika kila watano. Darasa likiwa na wanafunzi 40, basi ni watano kwanza, na baadaye wanane. Lakini kufaulu mtihani ni kufungua mlango tu. Baada ya hapo huulizwa: tabia yake je? Ni mwaminifu?

Pengine utashangaa: daraja na tabia vyahusianaje? Sikia habari ya nchi ya Kanada. Mwaka 1907 daraja kubwa la chuma lilikuwa likijengwa juu ya mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec. Uzito wake ulikuwa umekadiriwa chini ya ule wa kweli. Vyuma vikaanza kupinda, na watu waliviona vikipinda, lakini kazi haikusimamishwa kwa wakati. Daraja likaanguka, na wafanyakazi 75 wakafa. Akili za kupiga hesabu zilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kusema upesi, "Simameni, tumekosea." Kwa hiyo yafaa sana anayepewa heshima ya uinjinia awe mtu wa kweli, maana maisha ya watu yako mikononi mwake.

MAMA WA WATOTO KUMI NA WAWILI

Hata hivyo, chama hicho kilichoanzishwa ili kuondoa upendeleo kilikuwa na upendeleo wake chenyewe. Kwa miaka mingi msichana aliyefaulu hakuweza kuwa mwanachama. Alipewa beji ya pekee ya wanawake, basi, naye akabaki nje.

Wala si kwamba hapakuwa na wanawake wa kustahili. Mfikirie Lillian Gilbreth, mama wa watoto 12. Yeye na mumewe Frank walichunguza jinsi mtu awezavyo kufanya kazi bila kuuchosha mwili bure. Mwaka 1924 mumewe akafa. Makampuni mengine yakaacha kumpa kazi, kwa kuwa ni mwanamke. Yeye hakukata tamaa, akageukia jiko. Akahesabu hatua azipigazo mama anapopika, akaonyesha kwamba ukipanga vyema meza, vyombo na moto, hatua hizo hupungua sana. Mama msomaji, wewe uendaye mara ishirini toka mekoni mpaka mtungini, waijua faida ya jambo hilo!

Mwaka 1935 chuo kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana, kikamfanya profesa. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika National Academy of Engineering, baraza kuu la mainjinia wa nchi ile. Lakini Tau Beta Pi ilibadilisha katiba yake na kuwapokea wanawake mwaka 1969 tu. Nacho chuo cha Lehigh, chama kilikozaliwa, kilianza kupokea wasichana katika masomo ya shahada ya kwanza mwaka 1971.

NA FUNDI WA KARAKANA?

Bado kuna kundi moja: wale wasiosoma wala kufundisha. Mwanafunzi akiharibu mashine, ni nani huitengeneza? Barua huandikwa na nani, na karakana hufunguliwa na nani asubuhi? Katika chuo cha MIT, Massachusetts, shule ya uinjinia huwa na tuzo ya wafanyakazi iitwayo Infinite Mile, yaani maili isiyo na mwisho. Wanaopendekeza majina ni watu wanaofanya kazi nao. Hilo ni jambo la busara, kwa kuwa mwenzako wa kazini ndiye ajuaye kama wewe ni mguu wa daraja au ni abiria.

Sasa turudi kwetu. Siku ya kufunga shule mtoto wa kwanza darasani hupigiwa makofi, na ni haki yake. Lakini mwalimu aliyembakiza jioni na kumfundisha tena hesabu, nani amemshukuru? Mpishi wa uji, je? Na nyumbani, baba, kijana wako akishinda mtihani wachinja kuku. Dada yake aliyechota maji ili ndugu yake apate nafasi ya kusoma, umempa nini? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Heshima haihitaji dhahabu. Mara nyingi yatosha kulitaja jina la mtu mbele ya wengine na kusema wazi alichokifanya. Basi, kabla ya siku ya zawadi kijijini kwenu, kaeni mjiulize: kazi hii yote ilibebwa na nani? Majina hayo yaandikeni, na siku hiyo msomeeni kila mmoja lake.