Huna doo ya kuchangia mlo wa Jumapili? Beba kilo mbili za viazi

Unaijua ile meseji. Ijumaa jioni, grupu ya familia: "Jumapili tunakula nyumbani, kila mtu aje na kitu." Dadako anasema ataleta nyama. Kakako mwenye kazi ya maana anachukua soda na keki. Wewe unasoma, unaweka simu chini, unaanza kutunga uongo. Nina homa. Nimepata kibarua. Nauli imepanda.

Mimi nilitunga uongo huo karibu mwaka mzima baada ya kuacha chuo. Shida haikuwa nauli, msee. Nilikuwa naona aibu kukaa mezani mikono mitupu huku Mzee akinitazama. Kilichonirudisha nyumbani ni viazi vya kuoka.

Anzia kwa mama mboga. Mara nyingi atakuwa na Shangi, viazi vinavyoiva haraka lakini pia huchipua haraka, kwa hivyo usinunue vya kuweka. Chagua vigumu, vya ukubwa unaolingana. Kiazi chenye ukijani kiache hapo hapo. Kimepigwa na jua, na sumu inayoandamana na ukijani huo haiishi kwa kupikwa. Kilo mbili zinatosha watu saba kama kuna nyama na mboga.

Usimenye. Sugua udongo utoke, kisha kata kila kiazi vipande vinne. Vitie kwenye maji baridi yenye chumvi, yakianza kuchemka hesabu dakika tano au sita tu. Mwaga maji, acha mvuke utoke, halafu funika sufuria na uitikise mpaka kingo zichubuke. Usiruke hatua hii. Hiyo michubuko ndiyo hushika mafuta na kukauka, ndiyo maana kiazi kinalia karakara mdomoni.

Changanya na vijiko vinne vya mafuta, chumvi kidogo na pilipili manga. Kama kuna rozimeri kwenye ua la jirani, omba tawi moja.

Nyumbani kuna ovena? Iwashe mapema ifike nyuzi 200. Panga viazi bila kuvibananisha, kwa sababu vikirundikana vinapikwa na mvuke badala ya kuokeka. Viache dakika 45, uvigeuze mara moja katikati.

Hakuna ovena? Kwetu pia haiko. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko bapa na jiko la makaa. Siku ya kwanza nilijaza makaa chini, na baada ya dakika kumi harufu ya kuungua ikafika hadi sebuleni. Mzee alitoka nje, akachukua koleo, akahamisha makaa moja moja mpaka juu ya mfuniko, chini akabakisha machache. "Moto wa juu ndio unaooka," akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyoniambia kwa miezi mingi ambayo hayakuhusu chuo. Akavuta kiti, akakaa hapo kando ya jiko mpaka viazi vikaiva.

Kwa hivyo fuata sheria ya Mzee: makaa machache chini, mengi juu. Fungua ugeuze kila baada ya dakika 15, na kwa muda wa kama saa moja vitakuwa vimepata rangi ya dhahabu. Pikia nje, tafadhali. Gesi ya makaa haina harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua.

Kitunguu saumu kitie dakika kumi za mwisho. Ukikitia mapema kitaungua na kuwa kichungu. Ukiepua, nyunyiza dania na ukamulie ndimu, kisha peleka mezani vikiwa moto.

Siku ile nusu ya viazi vyangu vilikuwa vyeusi upande mmoja. Mathe alivikwangua kwa kisu huku akicheka, na sahani ikarudi jikoni tupu. Mzee aliongeza mara mbili. Hakusifu, hiyo si tabia yake. Aliuliza tu kama nitakuja tena mwezi ujao.

Meseji ikiingia wiki hii, jibu kabla hujaanza kutunga uongo: "Mimi naleta viazi." Na ufike saa nne asubuhi, maana makaa hayaharakishwi.