Mtamba wa Mama na Hesabu ya Mishale

Ukisikia "nadharia ya kategoria" usikimbie. Hata mimi nilitaka kukimbia mwalimu wetu wa hisabati alipoitaja, ila mtamba mmoja wa kwetu Kitengela akanirudisha.

Nadharia hii ilizaliwa katika makala ya Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane ya mwaka 1945. Haiulizi sana kitu kimeumbwa kwa nini. Inauliza kinahusianaje na vingine. Kuna vitu na kuna mishale kati yake. Ukiwa na mshale kutoka A hadi B, na mwingine kutoka B hadi C, basi unao pia wa kutoka A hadi C. Sheria nyingine zipo, lakini hiyo yatutosha.

Sasa tuje kwa ng'ombe. Wakati wa ukame wa 2022 mifugo yetu ilichanganyika na ya baba mdogo kule Kajiado. Daftari langu lilionyesha kila ng'ombe na mwenyewe. La baba mdogo lilionyesha ng'ombe na aliyemzaa, kisha mwenye huyo mzazi. Siku ya kuuza wachache tupate karo, mtamba mwekundu akazua balaa: kwangu ni wa mama, kwake ni wake. Tukahesabu tena na tena, idadi ni ile ile! Na mtamba keshafungwa kamba.

Nikachora mishale mavumbini. Njia moja yatoka kwa mtamba moja kwa moja hadi kwa mwenyewe. Nyingine inapitia kwanza kwa mzazi wake. Baba mdogo alidhani zote mbili lazima zifike kwa mtu mmoja. Mara nyingi hufika, lakini babu alimpa mama huyo mtamba akiwa ndama, kabla ya kumrithisha baba mdogo yule mzazi. Baba mdogo akatazama, akacheka: "Kumbe daftari langu halina mahali pa zawadi!" Kamba ikafunguliwa.

Mwaka 2012 mwanahisabati David Spivak wa Marekani alieleza jinsi hifadhi za data za kompyuta zinavyoweza kuchorwa hivyo hivyo: majedwali ni vitu, safu wima ni mishale. Kuhamisha habari kutoka mchoro mmoja hadi mwingine bila kuvunja miungano kunahitaji kinachoitwa funkta. Sisi tulimwaga tu daftari moja ndani ya jingine.

Mchoro huo wafaa hata kwa wanyama wa porini. Malisho yawe vitu, mapito yawe mishale. Nyumbu walikuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi, wakipitia Kitengela hadi nyanda za Athi-Kaputiei. Seng'enge ikikata pito moja la katikati, safari iliyolitegemea imekwisha, ingawa nyasi zipo pande zote mbili. Ukihesabu ekari za nyasi peke yake hutaliona hilo. Miaka ya 2000 wanajamii na watafiti wa ILRI walipima nyua hizo na kuzichorea ramani. Sisi wenyewe, tukienda Kajiado mwaka ule, tulikuta pito la zamani limefungwa, tukawaswaga ng'ombe kando ya barabara ya Namanga, malori yakitupigia honi.